Ndege Iliyorushwa Mbele ya Wageni

Wapendwa, kuna jambo moja ambalo sijawahi kulielewa, na sidhani nitalielewa kabla sijafa. Kwa nini mtu huikagua kazi yake kwa makini akiwa peke yake, kisha siku anayotazamwa na watu, siku ambayo kosa lingeumiza wengi, ndiyo siku anayoacha kukagua? Jibu sina. Nina mfano tu.

Kulikuwa na watu waliopenda kurusha ndege ndogo za jeti. Si za karatasi, la. Ndege ina urefu wa mtu, ina injini ya kweli, inakunywa mafuta ya taa na kunguruma, na mwenyewe anasimama chini akiiongoza kwa rimoti. Walizirushia kwenye uwanja wa zamani wa ndege, kando ya mashamba ya vitunguu. Walikuwa na desturi moja njema. Kabla ndege haijaruka, injini ikiwa inawaka, mmoja aliishika bawa, mwingine akaizima rimoti makusudi. Injini ilipaswa kujizima yenyewe. Hapo walijua kwamba mawasiliano yakikatika angani, ndege haitaendelea kukimbia ovyo.

Majirani hawakuwapenda. "Midoli ya wenye pesa," walisema. "Ipo siku itatuua." Yakaanza maneno ya kuwanyang'anya uwanja. Basi mwenyekiti wao akaalika diwani, waandishi wa habari na majirani, waje wajionee.

Siku hiyo rubani, yule mwenye rimoti, alipotaka kuizima kama kawaida, mwenyekiti akamshika mkono.

"Leo acha, kaka. Wakiona injini inazimika watasema ndege zetu mbovu."

"Lakini mwenyekiti, juzi nilibadilisha kifaa cha kupokea mawimbi. Sijakijaribu."

"Kwa hiyo diwani akuone unahangaika? Rusha, bwana! Watu wameshaanza kupiga makofi."

Je, tumhukumu? Mimi siwezi. Aliipenda klabu yake, akaogopa isichafuke jina.

Ndege ikapaa, ikajipindua vizuri, watoto wakashangilia. Halafu mawasiliano yakakatika, na injini haikuzimika. Ndege ikapita juu ya vichwa vya wageni, ikaangukia shambani na kuwaka moto, karibu kabisa na mama mmoja aliyekuwa ameinama akivuna vitunguu. Majani aliyowawekea ng'ombe wake yakateketea. Yeye akanusurika.

Watu wote wakakimbilia huko. "Ni upepo," mwenyekiti akawaambia waandishi. "Upepo tu."

"Si upepo," rubani akasema. "Mama, tuna namna ya kuipima kabla haijaruka. Leo hatukupima."

"Kwa nini?"

"Tuliogopa mtatuona wababaishaji."

Yule mama akajipangusa majivu usoni. Wote walingoja matusi. "Siku zote nilidhani hamtujali," akasema. "Kumbe huwa mnapima? Na hilo ndilo mlilotuficha?"

Mnasikia, wapendwa? Kile walichokificha ili wapendwe ndicho kingewafanya waaminiwe! Na sisi je? Wageni wakija kanisani, si tunaufunika ugomvi wetu na kuacha kuulizana maswali magumu, tukisema tusimwaibishe Mungu? Nani alituambia kwamba Mungu huaibika mtu akitubu hadharani? Tukilinda jina letu kwa kunyamaza, anayeungua ni mtu aliyeinama shambani kwake, ambaye hata sherehe yetu hakuja. Mimi simlaumu anayeogopa. Namwomba aogope pamoja nasi, mahali tunapoweza kumwona.

Uwanja haukufungwa. Majani ya mama yalilipwa. Ikaamuliwa kwamba tangu siku ile kila ndege itapimwa mbele ya majirani, na mmoja wao ndiye atakayesema iruke au isiruke. Mara ya kwanza, rimoti aliizima yule mama kwa kidole chake mwenyewe. Na aliyepiga magoti vumbini kuishika ndege, watu wote wakimtazama, alikuwa mwenyekiti.