Kwa Nini Jani la Chai Hushika Harufu ya Jirani

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Habari hii haihitaji bando.

Zamani hizo mimea yote ilizaliwa bila harufu. Iliki haikunukia, karafuu haikunukia, hata kitunguu kilikaa kimya shambani kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Harufu zote zilitunzwa na Ngawa, yule mnyama wa madoadoa, na yeye ndiye aliyekuwa akizigawa. Msiniulize kazi hiyo alipewa na nani. Watu wa kazi kama hizo huwa tunawakuta tu wamekaa.

Mimea ikaenda kwake. Iliki alikuwa shemeji yake, akapata harufu nyingi kuliko mwili wake. Karafuu alikwenda na zawadi. Asumini hakuwa na zawadi wala undugu. Alipata kwa sababu siku ile Ngawa aliamka vizuri. It happens.

Mchai alifika umande haujakauka, majani kayanyoosha, kasimama wima kama mtu wa intavyuu.

"Umewahi kunukia wapi?" Ngawa akamuuliza.

"Sijawahi, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

"Tunahitaji mwenye uzoefu."

"Na uzoefu nitautoa wapi, mzee, harufu zote unazo wewe?"

"Kwa mti mfupi una maneno marefu. Nenda, we'll call you."

Hakuna aliyempigia. Harufu zikaisha, Mchai akabaki nyuma ya nyumba ya Mamhoza, mjane wa mlimani aliyelima peke yake na hakuwa na ardhi ya kuchezea. Mamhoza alikuwa amekwisha kumtazama mara nyingi. Siku moja akasimama mbele yake, mkono kiunoni.

"Wewe hunukii, huliwi, kivuli huna. Nikimaliza harusi ya binti yangu nakung'oa, napanda mahindi."

Mchai alisikia mpaka mizizini. Jirani yake Asumini, aliyetambaa kwenye ua palepale, akasikia pia.

"Harufu yangu hufunguka jioni, watu wameshafunga milango," Asumini akamwambia. "Nusu yake inapotea bure. Chukua."

"Nitaiweka wapi? Mimi sikupewa hata pa kuiwekea."

"Una njaa ya harufu, au huna?"

"Ninayo."

"Basi Ngawa kakuachia kitu. Acha majani wazi."

Ikafika siku ya kuamkia harusi. Mamhoza alichuma vitumba vya asumini vya kumsukia bibi harusi nywele. Akachuma na majani machanga ya mchai, maana mkwe wake, Mzee Shebughe, baba wa bwana harusi, alikuwa na kikohozi, na watu wa mlimani walichemsha jani lolote chungu kwa kifua. Kwa desturi kila kitu kina ungo wake. Lakini nyungo zote zilikuwa zimeazimwa kupepetea mchele wa karamu, umebaki mmoja. Akavimwaga vyote humo, akafunika kwa kanga, akakimbilia masufuria.

Asubuhi aliokota maua, akamwagia majani maji ya moto, akampelekea mkwe bila kuonja. Mtu wa harusi hana muda wa kuonja.

Mzee akachungulia kikombe. Maji yalikuwa ya kijani hafifu.

"Mkwe, hii mmesahau kuichemsha?"

"Kunywa tu, mkwe, ni ya kifua."

Akakiinua. Harufu ilimfikia kabla ya maji kugusa mdomo, naye akasita, akageuka kutazama nani kapita. Hakuna aliyepita. Akapiga funda. Kwanza ulimi ukaona uchungu mdogo, kama wa jani lililotafunwa bichi. Kisha akameza, na utamu ukaja nyuma yake, kooni, mahali ambapo hakuna mtu aliyetia sukari. Akarudisha pua kikombeni, akanusa tena na tena, hata Mamhoza akahisi harusi inavunjika.

"Mkwe," mzee akasema, "hili jani limelala na nani?"

Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akapiga kigelegele kabisa. Mamhoza akajifunika uso kwa kanga.

"Na asumini, mkwe. Walichanganyika kwenye ungo."

"Basi usiwatenganishe. Nitakuja tena, na sitakuja kwa kikohozi."

Harusi ilipokwisha Mamhoza alishika jembe kweli, akaenda nyuma ya nyumba. Akapalilia kuzunguka shina la Mchai, akarudi ndani.

Na tangu siku hiyo jani la chai halina harufu ya kuzaliwa, lakini hushika ya yeyote atakayelala karibu yake, awe asumini, awe iliki, awe samaki mkavu, ndiyo maana mwenye akili haliweki kapu moja na samaki. Na kule mlimani, ukipewa chai ya kijani kwa mara ya kwanza, huinywi kwanza. Unainusa, unamuuliza mwenyeji imelala na nani, naye anamtaja jirani yule kwa jina. Ngawa hatajwi.