Homa ya Matairi

Hapo zamani, wanangu, wakati wanyama wakijenga nyumba za bati na kupika ugali kama sisi, kijiji cha Mawe Mapana kilinunua gari.

Ilikuwa pikapu mpya, nyeupe, yenye viti viwili mbele, viwili nyuma, na bodi ya wazi ya kupakia mizigo. Wanyama wote walichangia. Nyegere aliuza asali, Ngedere akauza mikeka, hata Kobe alitoa kidogo alichokuwa nacho. Walitaka jambo moja tu: mgonjwa akizidiwa, awahishwe zahanati. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya Mto Mkavu, na Mto Mkavu haukuwa na tone la maji. Ulikuwa mchanga mtupu, laini kama unga, mpana kama viwanja vitatu vya mpira. Kumvusha mgonjwa kwa machela ilikuwa kazi ya nusu siku, na wengine hawakufika.

Gari likawekwa kwa Bwana Kifaru, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na uwanja mkubwa na geti la chuma. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wiki ya kwanza aliviwekea viti vitambaa vya kufuma. Wiki ya pili akaanza kulifuta vumbi kila asubuhi. Wiki ya tatu akatangaza kwamba gari halitatoka nje ya barabara ya lami. Kila alasiri yeye na rafiki yake Nyati walipanda, wakaenda mpaka lami inapoishia, wakageuza, wakarudi. Wanyama wengine walibaki wakitazamana.

Mara moja tu Kifaru alikuwa amejaribu mchanga. Aliingia kwa mbwembwe, akakanyaga mafuta kwa nguvu zake zote. Magurudumu yakajichimbia, vruuu, mpaka gari likakaa kwa tumbo. Ikabidi Tembo aje alivute kwa kamba. Tangu siku hiyo Kifaru alisema gari lile haliwezi mchanga, na nani wa kumbishia Kifaru?

Aliyejua kwamba si kweli alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo wa kwenye miamba, asiye na mkia? Yeye na mkewe walikuwa mafundi wa kuziba pancha pale njia panda. Kile kitabu cha maelezo kilichokuja na gari, Kifaru alikitupa jalalani. Wao wakakiokota, wakakisoma mpaka kurasa zikalegea.

Basi siku moja, jirani yao Swala alikuwa na uchungu wa kujifungua tangu jana yake, na mtoto hatoki. Jua lilipofika utosini, mkunga, Bi Kanga, alitoka nje kwa majirani waliokuwa wakisubiri. Akawaambia kwamba yeye amefika mwisho wa ujuzi wake, na kwamba Swala asipofikishwa zahanati mapema, watapotea wote wawili.

Pimbi alikimbia mpaka kwa Kifaru, na nusu ya kijiji nyuma yake. Akaeleza yote. Kifaru alimsikiliza mpaka mwisho, huku akifuta doa kwenye kioo cha pembeni.

"Nasikitika sana," akasema. "Lakini gari likikwama kule, tutakuwa na mgonjwa na gari bovu juu yake."

Ngedere alishika kichwa. Nyati mwenyewe aliinamisha macho, akajifanya anatazama kwato zake. Hawakuamini kwamba wamesikia walichosikia, tena kutoka kwa mwenzao waliyekula naye, waliyezika naye.

Pimbi naye aliduwaa. Matusi yalimjaa mdomoni, lakini matusi yasingemvusha Swala mto. Akatazama geti la chuma, akaitazama pembe ya Kifaru, kisha akaitazama ile pikapu iliyoegeshwa juani tangu asubuhi. Akaenda polepole, akaweka kiganja juu ya tairi, akakiondoa haraka kama aliyeungua.

"Bwana Kifaru," akasema kwa sauti ya chini, "gari hili limeanza lini kuumwa?"

Kifaru akauliza kuumwa nini. Pimbi akamwambia alete mdomo wake aguse mwenyewe. Kifaru, ambaye macho yake ni dhaifu, akainama, akagusa tairi, akaruka nyuma. Lilikuwa la moto. Tairi gani lililoshinda juani lisiwe la moto? Lakini Kifaru hakufikiria hilo. Akagusa la pili, la tatu, la nne. Yote ya moto.

Pimbi akatikisa kichwa kwa huzuni. Akaeleza kwamba hiyo ni homa ya matairi, kwamba upepo ndani umevimba, na kwamba matairi hayo yakipasuka yataondoka na bati la nyumba. Dawa yake ni kuyapunguza upepo hapo hapo.

"Punguza," Kifaru akasema huku akirudi nyuma. "Punguza upesi, mwanangu."

Pimbi akachuchumaa na kipimo chake. Psssss! Upepo ukatoka. Alipunguza karibu nusu, tairi baada ya tairi, mpaka yakabonyea chini kama mikate iliyokaliwa. Wanyama walitazama vinywa wazi. Ngedere akamnong'oneza Kobe kwamba Pimbi amerukwa na akili, kwamba hata lile tumaini dogo lililobaki sasa amelitoboa. Bi Pimbi peke yake ndiye aliyekuwa ametulia. Alikuwa ameshaelewa.

Halafu Pimbi akasema gari linatakiwa litembezwe taratibu lipigwe na hewa, ila asipande yeyote mwenye uzito. Akamwambia Kifaru kwamba yeye na Bwana Nyati wakikaa juu ya matairi yenye homa, hawatasalimika. Kifaru akatoa ufunguo kama baba anayemkabidhi mtoto kwa daktari.

Pimbi akapanda kwenye mito mitatu ya kulalia ili aone nje, akashika usukani. Bi Pimbi akaingia chini, miguuni, akawa anakanyaga. Gari lilikuwa otomatiki, hakukuwa na klachi ya kuwasumbua. Mume akisema mafuta, mke anakanyaga mafuta. Mume akisema breki, mke anahamia breki.

Wakatoka getini. Hawakukata kuelekea lami. Walikata kwenda kwa Swala, wakampakia kwenye godoro nyuma, Bi Kanga akamshika kichwa, wakaelekea mtoni.

"Nyati," Kifaru aliuliza, masikio yamesimama, "mbona nalisikia linaelekea kusikokuwa na barabara?"

Nyati alinyoosha pua kuelekea Mto Mkavu, kisha wote wawili wakaanza kukimbia.

Walifika ukingoni wakati gari linaingia mchangani. Pimbi alikuwa ameweka gia nzito, magurudumu yote manne yanavuta. Mkewe alikanyaga mafuta kidogo kidogo, bila pupa, bila breki. Na yale matairi yaliyobonyea yalilala juu ya mchanga kwa upana, kama nyayo za ngamia. Gari likayumba, likaguna, likaenda. Robo ya mto. Nusu. Kifaru alifumba macho, akawa anamwuliza Nyati kama limeshazama, na Nyati akawa anajibu bado, bado.

Ng'ambo kulikuwa na ngazi ya mawe. Hapo gurudumu moja la nyuma likaning'inia hewani, likazunguka bure, na bodi ikainama. Bi Kanga alipiga kelele. Pimbi akabonyeza kitufe kimoja, kile cha kuyafunga magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja. Lile lililokuwa chini likauma jiwe, kak, gari likajivuta, likapanda juu, likapotea nyuma ya miti.



Na Nyati nyuma yake, Kifaru alivuka mto kwa miguu, mchanga ukimfika magotini. Alimkuta Pimbi mbele ya zahanati, akijaza upepo kwa pampu ya mguu.

"Matairi yamepona?" akauliza, akihema.

Pimbi akasimama wima. "Hayakuwa na homa, Bwana Kifaru. Mgonjwa alikuwa Swala."

Pembe ya Kifaru ikashuka taratibu mpaka ikamlenga Pimbi kifuani. Nyati akageuza uso. Ndipo ndani ya zahanati mtoto akalia, sauti nyembamba, kali, ya kudai, na Swala akasikika akimbembeleza. Kifaru akainua pembe. Kisha aligeuka, akaanza safari ya kurudi kwa miguu. Jioni hiyo hiyo, Pimbi akakiweka kile kitabu cha maelezo ndani ya gari, na ufunguo ukatundikwa mlangoni kwa Bi Kanga, ili mwenye mgonjwa auchukue.

Basi wanangu, chombo kilichonunuliwa kuokoa wagonjwa kazi yake ni kuwabeba, siyo kufutwa vumbi.