Kwa Nini Daraja la Ellerford Limepinda

Bi Mwantumu Shekue alikuja Uingereza kumtembelea mwanawe, naye mwanawe akampeleka Ellerford siku ya gulio, ajiunge na wageni wanaotembezwa mjini. Asubuhi ile aliona kanisa la mawe lenye mnara mrefu kuliko miti yote, ukumbi wa soko uliosimama juu ya nguzo za mbao nene, na nyumba kongwe zilizoinamiana juu ya vichochoro. Lakini kilichomsimamisha ni daraja. Lilitoka ukingoni limenyooka, likafika katikati ya mto, likapinda, kisha likanyooka tena.

"Waliolijenga walikosea?" akamwuliza Mzee Wilfred, aliyekuwa akiwatembeza.

"Hawakukosea, bibi," mzee akajibu. Akavua kofia, akawasimulia.

Hapo kale mji huu ulikuwa na soko lakini haukuwa na daraja. Watu wa ng'ambo waliuvuka mto kwa miguu, maji yakiwafika magotini, wakiswaga kondoo na kubeba vikapu vya mayai. Katikati ya mto palikuwa na mwamba mpana, na waliochoka walipumzika hapo.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha milimani, huku mjini jua likiwaka. Watu walikuwa wakirudi makwao kutoka sokoni, wametapakaa mtoni, waliposikia mngurumo. Maji yakapanda ghafla, mekundu kwa udongo. Miongoni mwao alikuwamo Aldith, muuza siagi, na binti yake Maud. Aldith alimfikisha binti yake ng'ambo, kisha akafunga kamba ya ng'ombe kwenye mti wa ukingoni, akarudi nayo mpaka mwambani, akaizungusha kiunoni na kujikita hapo. Waliokuwa wakipapatika majini aliwavuta juu ya mwamba, nao wakaishika ile kamba na kuifuata hadi nchi kavu.

"Mama, njoo sasa," Maud akamwita.

"Bado kuna watu," Aldith akajibu.

Maji yalimfika kifuani, naye hakuondoka. Mtu wa mwisho alipokanyaga nchi kavu, wote wakaishika kamba wamvute. Ikaja nyepesi. Ilikuwa imekatika, na mwambani hapakuwa na mtu. Walimtafuta mpaka mto ulipopungua, wasimpate.

Miaka ikapita. Watu wa mji wakamleta fundi mashuhuri wa mawe, jina lake Hugh, awajengee daraja. Hugh akapima, akachomeka vigingi, akaona kwamba daraja lililonyooka lingepita palepale penye mwamba. Akaagiza upasuliwe. Wafanyakazi walipofika na nyundo zao, walimkuta Maud, sasa mwanamke mzima, ameketi juu yake.

Hugh akaenda mwenyewe. "Shuka, mama. Kazi inangoja."

"Mamangu hana kaburi," Maud akasema. "Ana mwamba huu tu. Ukitaka kuupasua, anza na mimi."

"Nikiukwepa, daraja litapinda. Watu watanicheka maisha yangu yote."

"Watakaokucheka watakuwa wamevuka."

Hugh akapanda mwambani. Aliketi kando yake, akayatazama maji yakipasuka pande mbili za mwamba, akamwomba amsimulie yaliyotokea. Maud akamsimulia yote. Alipomaliza, fundi akainuka, akaenda kung'oa vigingi vyake kwa mikono yake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo daraja la Ellerford limepinda katikati, na mwamba wa Aldith uko pembeni yake, mzima, haujaguswa na nyundo. Na kila anayekwenda sokoni, akifika kwenye kona, huweka mkono kwenye ukuta wa daraja, upande wa mwamba, kisha huendelea na safari.

Mzee Wilfred akavaa kofia yake. Wageni waliokuwa wakipiga picha waliteremsha simu zao. Wakati huohuo akapita mama mmoja kijana na kikapu cha mboga, akizungumza na mwenzake habari za bei ya viazi. Alipofika kwenye kona aliligusa jiwe la ukuta bila kulitazama, wala hakukatisha maneno yake.

Bi Mwantumu akasogea mahali palepale. Jiwe lilikuwa limelika kwa mikono ya watu, likafanya shimo laini lenye upana wa kiganja. Akaweka mkono wake humo, ukaenea. "Subhanallah," akasema polepole, na hakuuondoa mpaka mwanawe alipomshika bega.