Mshamu, Sultani na Njia ya Matope

Hapo zamani, katika mji wa Pazani, aliondokea kijana mmoja jina lake Mshamu, na watu walimwita Mshamu wa Bi Nunu, kwani baba yake alifariki yeye angali mchanga. Mama yake, Bi Nunu, alikuwa akioka mikate ya mofa, na kwa moshi wa tanuri ile akamsomesha mwanawe hata akahitimu. Kisha kijana akasema, "Mama, elimu hii haijanitosha." Basi akasafiri kwenda nchi ya mbali, akakaa huko miaka sita, akarejea na ijaza ya pili, yaani hati ya kuhitimu, yenye muhuri mwekundu mkubwa kama kisahani cha kahawa.

Na elimu aliyoisomea ilikuwa takwimu, yaani kuhesabu mambo yaliyo mengi na kuyasoma yana maana gani. Watu wa Pazani wakampongeza kwa shangwe, wala hapana hata mmoja aliyejua elimu hiyo ni ya kufanyia nini. Jirani mmoja akamletea kuku wake watatu, ati awatazame amwambie yupi atataga.

Basi Mshamu akaanza kutafuta kazi. Akaenda kwa tajiri wa karafuu. Tajiri akamuuliza, "Kazi hii umepata kuifanya wapi?"

"Bado, bwana. Ndiyo kwanza nimerejea."

"Basi nenda ukaifanye kwanza, ndipo uje uifanye."

Akaenda kwa mkuu wa forodha, naye akamwambia vivyo hivyo. Akaenda kwa mwenye maghala ya nafaka, ikawa neno ni lile lile. Miezi minane ikapita, ijaza i ukutani, na mwenyewe anapeleka mikate kwa wateja wa mama yake. Bi Nunu aliendelea kuoka. Ila kila asubuhi aliipangusa vumbi ile ijaza kwa ncha ya kanga yake, na jambo hilo lilimchoma Mshamu kuliko kama angemlaumu.

Mwishowe akajiambia, "Potelea mbali, kumebaki mlango mmoja tu." Akavaa kanzu yake, akaenda kwa Sultani.

Sasa, huyu Sultani Harithi hakuwa mtu dhalimu. Alihukumu kwa haki, na maskini aliwapa. Ila Mungu alimjaribu kwa maradhi ya kutunga mashairi. Kila siku baada ya sala ya alasiri aliketi kwenye baraza mbele ya jumba lake, na mtu yeyote apitaye alisimamishwa asikilize, wala hakuachiliwa mpaka utenzi uishe. Na tenzi za Sultani zilikuwa hazina desturi ya kuisha. Watu wakisema, "Ahsante bwana, umetunga!" naye huona wanataka zaidi.

Mshamu alipoingia, Sultani alikuwa anamuuliza waziri wake, Waziri Shali, "Ni wangapi katika mji huu wayapendao mashairi yangu?"

"Wote, bwana wangu," akajibu Waziri.

"Umejuaje?"

"Nimewauliza, nao wamesema."

Sultani akakunja uso. "Wanajua ni mimi niulizaye. Hata mimi ningekuwa wao ningesema hivyo." Ndipo akamwona Mshamu. "Nawe ni nani?"

Mshamu akajieleza, akaonyesha ijaza yake. Waziri Shali akaitazama mbele na nyuma, akauliza, "Umefanya wapi kazi hii?"

"Akinijaribu bwana wetu," akasema Mshamu, "nitakuwa nimeifanya hapa."

Sultani akapenda jibu lile, akasema, "Vyema. Ewe kijana, ninakupa siku saba. Waulize watu wote wa mji huu kama wanayapenda mashairi yangu. Asibaki hata mmoja asiyeulizwa, wala asiwepo hata mmoja atakayejua kwamba ameulizwa. Ukiweza, utakuwa mwenye hesabu wa dola yangu. Usipoweza, ijaza hiyo tutafungia halua, nawe utauhama mji, usirejee."

Watu wa baraza wakacheka, maana nani amuulizaye mtu na mtu asijue? Mshamu akainama akatoka, na njia nzima alikuwa akimwona mama yake moyoni, yu peke yake na tanuri.

Alipomweleza, Bi Nunu akasema, "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini mteja akiniambia mkate wangu mtamu, simsadiki. Namsadiki nikimwona amerudi."

Hapo Mshamu akapata la kufanya. Akaondoka akaenda kuchukua sinia ya mikate.

Na ilikuwa hivi: mtu atokaye majumbani kwenda sokoni hufika penye njia panda. Njia ya kulia ni pana na ina vivuli, nayo hupita mbele ya baraza ya Sultani. Njia ya kushoto ni uchochoro nyuma ya machinjio, una matope hata kwenye kifundo cha mguu, na harufu yake haisimuliki. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, watu wazima mia nne na arobaini pamoja na wageni, na kila alasiri hapana asiyekwenda sokoni. Basi Mshamu akaketi pale njia panda na sinia yake, na kando yake vibakuli viwili. Mtu akishika njia ya baraza, alitia choroko moja katika kibakuli cha kulia. Akishika uchochoro, alitia kunde moja katika cha kushoto. Watu wakanunua mikate, wakamsalimu, wakaenda zao.

Siku ya kwanza akahesabu: kunde mia nne thelathini na moja, choroko tisa. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu, hivyo hivyo. Aliwaona wanawake wakivua viatu na kukunja kanga, wazee wakishikana mikono wasiteleze, na bwana harusi mmoja aliyevaa joho jipya akasimama njia panda, akafikiri, akasikia sauti ya Sultani kwa mbali, akajitosa matopeni na joho lake.

Mwingine angeridhika. Lakini Mshamu akasema, "Huenda kuna jambo jingine liwakimbizalo, nami sijalijua. Sharti nione na siku ambayo bwana hayupo." Mungu akamsaidia, kwani siku ya nne Sultani alipatwa na mafua, sauti ikamkauka, asitoke kwa siku tatu. Na siku hizo tatu uchochoro haukukanyagwa hata na mbuzi.

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Sultani akapata nafuu, akaenda kusali, na Waziri Shali pamoja naye. Mshamu naye akaenda barazani, akajifunga kilemba hata puani, akaketi, akaanza kughani kwa sauti kuu utenzi ambao Sultani aliutunga ujanani na kuugawia mji mzima, ambao Bi Nunu alikuwa ameuweka sandukuni:

*Naanza kwa kuanzia*
*mwanzo nilioanzia*
*na kabla sijaishia*
*nitaanza tena mwanzo.*

Sultani alikuwa anarudi kutoka msikitini, na njaa inamuuma. Alipofika penye njia panda, akasimama. "Nani huyu awatesaye watu kwenye baraza yangu? Tukipita hapa tutakula kesho. Waziri, tuzungukie uchochoroni, tuingie kwa mlango wa nyuma." Waziri akafungua kinywa, akakifunga, akafuata. Wakapita uchochoroni, na katikati kiatu kimoja cha Sultani kikamezwa na matope, kisionekane tena.

Kesho yake baraza ikakutana. Mshamu akaweka vibakuli mbele ya Sultani, akasema, "Bwana wangu, nimewauliza watu wote, nao wamenijibu kwa miguu." Akaeleza habari yote, ya njia panda na ya siku sita.

Uso wa Sultani ukawa mwekundu. "Mia nne thelathini na moja wanakanyaga taka wasinisikie?"

"Ndiyo, bwana."

"Na hao tisa?"

"Watano ni askari wako, na zamu yao ni mlangoni. Wawili ni wageni, hawajaijua njia ya pili. Mmoja ni Mzee Fumo, naye, Mungu amrehemu masikio yake, hasikii. Wa tisa ni Bi Rehani msuka mikeka. Huyu alikuja kila siku na ukili wake, akaketi mpaka mwisho. Na siku zile ulizougua alikuja vile vile, akaitazama baraza tupu, akasuka kidogo, akarudi nyumbani."

Sultani akainua kidole kimoja. "Mmoja," akasema polepole.

"Mmoja wa kweli, bwana. Washairi wengi wamezikwa bila kumpata."

Lakini hasira haikuwa imemshuka. Akasema, "Hata hivyo umeshindwa. Niliamuru watu wote wa mji. Je, mimi si mtu wa mji huu? Mimi hujaniuliza!"

Watu wakamhurumia Mshamu.

Mshamu akainama mpaka chini. "Wewe nilikuuliza jana, bwana wangu, baada ya sala. Ukanijibu kwa kiatu kimoja."

Sultani akamgeukia waziri wake. "Shali! Utenzi ule ulikuwa wangu?"

"Ulikuwa wako, bwana."

"Nawe ulijua?"

"Nilijua tangu ubeti wa kwanza."

"Mbona basi ulinifuata matopeni?"

Waziri Shali akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Bwana wangu, hata mimi nilikuwa na njaa."

Sultani akajaribu kuendelea kukasirika, asiweze. Mabega yakaanza kumtikisika, kisha tumbo, mwisho akacheka hata kilemba kikamteremka machoni, na baraza nzima ikacheka, na askari mlangoni wakacheka ingawa hawakuambiwa wacheke nini.

Alipojifuta machozi akasema, "Mshamu wa Bi Nunu, tangu leo wewe ndiwe mwenye hesabu wa dola yangu. Anza na visima, unieleze ni kipi kiwatiacho watu maradhi. Nawe uniambie kama ulivyoniambia leo, hata nikikunja uso." Akamvika joho lake mwenyewe. Kisha akaagiza Bi Rehani atengenezewe kiti barazani, chenye mto.

Waziri akauliza, "Na wale mia nne thelathini na moja, bwana? Tuuzibe uchochoro, wapite mbele yako?"

"La," akasema Sultani. "Jana nimeyaonja matope yale. Waite waashi, wautandike mawe uchochoro wote, tangu njia panda mpaka sokoni. Ikiwa watu wangu hawana budi kunikimbia, na wanikimbie kwa miguu mikavu."

Ikawa hivyo, na huu ndio mwisho wa habari yao. Aliyecheka, kicheko ni chake, na aliyenuna tumwombee.