Ukurasa wa Pili Ukutani

Kaeni, wapendwa, mkae vizuri. Wa huko nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi. Leo sikuja na mkulima wala mpanzi. Leo nina karani.

Alikuwako mama mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha chai huko milimani kwenye baridi, ambako watu huingia kazini wamejifunga kitenge juu ya sweta. Kazi yake ilikuwa kompyuta. Chai ya wakulima ikishapimwa, kilo zinaingizwa kwenye mashine, na mashine ikigoma anaitwa yeye. Ikigoma Jumapili, anatoka ibadani na nguo zake za kanisani, anakwenda kuibembeleza mpaka ikubali. Kwa miaka minne alikuwa anakaimu ukuu wa kitengo. Nyote mnajua kukaimu ni nini: kazi yote ni yako, kiti si chako. Mlangoni kwake palikuwa na kibao kimeandikwa "Kaimu Mkuu wa Kitengo", na chini yake jina lake. Kila asubuhi akiingiza ufunguo, jicho linaangukia neno lile la kwanza, na moyo unamuuma. Alitaka liondoke.

Siku moja meneja akamwita. "Mama, kazi unaiweza, hilo halina ubishi. Ila taratibu zinadai shahada. Nakupa miaka mitatu. Niletee shahada ya kompyuta, na lile neno Kaimu nitaliondoa kwa mkono wangu. Usipoleta, itabidi nafasi itangazwe."

Miaka mitatu! Shahada yenyewe ni masomo arobaini, miaka minne ukienda mwendo wa kawaida. Lakini mama huyu hakuwa mikono mitupu. Ujanani alisoma chuo kimoja cha kompyuta miaka miwili mfululizo, hata likizo hakupumzika, akafaulu masomo ishirini na nane. Mitihani ya mwisho aliifanya baba yake ameshapatwa na kiharusi, kisha akarudi nyumbani kumuuguza, na chuoni hakurudi tena. Miaka minane ilikuwa imepita. Karatasi yake ya matokeo aliitunza kama mboni ya jicho. Aliipiga laminesheni, isije ikalowa wala kuliwa na mende.

Sasa vyuo vya siku hizi vina utaratibu mmoja mzuri. Uliyeishia njiani, unapeleka matokeo yako ya zamani. Wanayapitia, na somo wanalolikubali wanalihesabu kana kwamba umelisoma kwao. Hurudii. Unaendelea na yaliyobaki. Mama akapata chuo kinachofundisha kwa mtandao, akatuma matokeo yake, na baada ya wiki mbili jibu likaja, kurasa mbili. Akaziprinti palepale ofisini.

Ukurasa wa kwanza ulisema: tumepokea masomo yako ishirini, yamebaki ishirini, utamaliza kwa miaka miwili. Ukurasa wa pili ulisema: masomo haya manane hatukuyapokea.

Wapendwa, mngekuwa ninyi mngesoma upi?

Mama akaupita wa kwanza mbiombio, akakwama kwenye wa pili. Akapiga simu chuoni, ikapokewa na dada wa udahili.

"Dada, hapa kuna makosa. Mmeniachia nje masomo manane."

"Si makosa, mama. Sisi hatuna masomo yanayofanana na hayo. Ila ishirini yote tumeyapokea! Hongera sana, wengi hawafikishi hata kumi. Usajili uko wazi. Utaanza lini?"

"Haya manane niliyasoma kwa taabu, dada yangu. Mengine niliyafanyia mtihani huku baba yangu yuko hoi kitandani. Leo nionekane sikusoma?"

"Pole, mama. Hakuna aliyesema hukusoma. Utaanza lini?"

"Nitawaambia," akasema, akakata.

Jioni ile akachukua ule ukurasa wa pili, akaubandika sebuleni, juu ya televisheni, ubavuni mwa kalenda ya dayosisi. Ukurasa wa kwanza akaurudisha kwenye faili.

Kisha akaanza kupanga. Akanunua karatasi ya manila, rula na kalamu za rangi. Akaandika majina ya vyuo vyote vinavyofundisha kwa mtandao, ndani ya nchi na nje, akavichorea vyumba: wanapokea mangapi, wanakataa mangapi. Nia yake ilikuwa moja, apate chuo kitakachopokea yote ishirini na nane, lisipotee hata moja. Chuo cha pili kilijibu baada ya miezi mitano: tumepokea ishirini na mawili. Akafurahi kidogo, akahesabu yaliyoachwa, akanuna. Cha tatu kikapokea ishirini na moja, hao hata hakuwajibu. Msidhani alikuwa mvivu. Mama yule alifanya kazi! Mpango wake ulikuwa na rangi nne. Wageni wakija nyumbani walikuwa wakiusifia kabla hawajasifia chai.

Mume wake alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache. Siku moja, wakila, akainua macho ukutani.

"Mama watoto, karatasi ile imeandikwa ukurasa wa pili. Wa kwanza uko wapi?"

"Uko kwenye faili. Ule hauna tatizo."

"Basi si ungeanza na huo usio na tatizo?"

"Baba watoto, wewe piga randa zako. Mambo ya chuo niachie mwenyewe."

"Haya," akasema mume, akaendelea kumega ugali. Kunyamaza ni busara, tunafundishwa hivyo. Siku ile, lakini, natamani angebishana kidogo.

Ikapita miaka miwili na miezi minne tangu meneja alipotoa ahadi yake. Meneja akakutana naye kwenye korido, akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, imebaki miezi minane." Hapo ndipo alipozinduka. Akasema moyoni, liwalo na liwe, nitarudi chuo kile cha kwanza, nichukue yale ishirini yao. Akapiga simu. Akapokea dada yuleyule.

"Dada, nimekubali. Nipe yale ishirini."

Akasikia vidole vikigonga kompyuta upande wa pili.

"Mama, sasa ni sita."

"Sita? Si uliniandikia ishirini wewe mwenyewe!"

"Niliandika, mama. Na mwisho wa ukurasa uleule niliandika kwamba masomo ya kompyuta hayapokelewi yakipita miaka kumi. Siku ile yako yalikuwa na minane. Leo yamepita kumi. Yamebaki ya hesabu, takwimu na mawasiliano, mawili mawili, hayo ndiyo sita. Hesabu haizeeki, mama. Kompyuta inazeeka."

Akafungua faili, akautoa ukurasa wa kwanza. Onyo lilikuwapo pale chini, kwa herufi za kawaida tu, wala halikufichwa. Mama akakaa sakafuni akalia, na mimi simcheki. Aligombania manane, akapoteza kumi na manne. Tena hesabuni nami: angeanza siku ya simu ya kwanza, siku ile ya simu ya pili angekuwa ameshavaa joho karibu miezi minne nyuma.

Meneja naye alikuwa mtu wa ahadi. Miezi minane ilipotimia alikuja na bisibisi mkononi, akasimama mbele ya mlango ule, na kwa mkono wake mwenyewe akaliondoa neno Kaimu. Na jina lililokuwa chini yake likaondoka pamoja nalo.

Mkuu mpya akaingia Jumatatu, na shahada yake. Saa nne mashine ikagoma. Mnajua aliyeitwa.

Naona mnacheka. Chekeni, lakini tusiishie hapo. Mama huyu si wa mbali. Mama huyu ni sisi.

Mungu ametupokea na mambo yetu nusunusu, tuliyoyaanza tukayaachia njiani. Hakusema rudini mwanzo. Amesema, haya nimeyapokea, endeleeni na yaliyobaki. Na sisi tunafanya nini? Tunatafuta ukurasa wa pili. Nani hakunisalimia. Nani alitangaza michango akaruka jina langu. Babu yangu alifyatua matofali ya kanisa hili, mbona hatutajwi? Tunaubandika sebuleni, wageni wakija tunawasomea. Neema iko kwenye faili, hatujaisoma mpaka chini.

Humu ndani wapo ndugu wawili, tumbo moja, hawajaongea tangu harusi ya mwaka ule, kwa sababu mmoja hakuketishwa meza kuu. Sitawataja, msigeuke kutazamana. Mema mangapi yamekuwa kati yenu? Nani aliyemlipia mwenzake ada, nani aliyemlea mtoto wa mwenzake? Hayo yote yamepokelewa, yameandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Lakini ninyi mnagombania kiti kimoja, na yale mengine yanazeeka. Watoto wenu wanapishana barabarani hawajuani. Yapo mambo hayazeeki, ni kweli. Lakini si yote, wapendwa. Mengine yana miaka yake, na mama yenu mzazi hatawasubiri mpatane akiwa hai.

Wala msidhani nawasema ninyi peke yenu. Mchungaji wenu naye ana karatasi ukutani, na mke wangu pale mbele anaijua, ndiyo maana amejiinamia.

Mtaniuliza, mama yule aliishia wapi? Nitawaambia ninachokijua. Siku ileile ya bisibisi alirudi nyumbani mchana, akaubandua ukurasa wa pili. Ulikuwa umekaa muda mrefu, ukaondoka na rangi ya ukuta. Akapiga simu mara ya tatu. Dada wa udahili hakumlaumu wala hakumkumbusha lolote. Alisema, "Sita yako bado yapo, mama," kisha akamuuliza swali lilelile alilomuuliza tangu siku ya kwanza.

Alivyojibu sitawaambia. Jibu lile ni lake, na mimi leo sikutumwa kwake. Nimetumwa kwako wewe uliyeketi hapo, mwenye mema yaliyokwisha kupokelewa na kinyongo chako cha masomo manane.

Utaanza lini?