Dada Aliyetaka Kumhamisha Mama Peke Yake

Wapendwa, tulieni kidogo niwachukue hadi mji mmoja wa milimani, ambako ukungu hushuka mchana kweupe na kuingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Huko aliishi mwanamke mmoja wa makamo, mwimbaji wa kwaya, mpishi ambaye kwenye sherehe za watu hakosekani. Mama yake alikuwa amelala kaburini. Mdogo wake, ndugu yake pekee, alikuwa mzima wa afya, ila hawakuwa wanasemeshana.

Waligombana kaburini. Dada mkubwa alisema, "Nilikuita, ukafika tunafukia." Mdogo akajibu, "Uliniita mama ameshakata kauli." Nani alisema kweli? Mimi sijui, na ninyi mnazijua familia zenu. Tangu siku hiyo mmoja akaishi juu mlimani na mwingine bondeni, na wakikutana sokoni, kila mmoja alianza ghafla kuchagua nyanya.

Sasa marehemu mama yao hakupenda kupigwa picha. Katika maisha yake yote alinaswa na kamera ya video mara moja tu, kwenye sherehe ya kumuaga yule mdogo alipokuwa anaolewa. Akina mama, hiyo sherehe mnaijua. Mama humfunga binti yake kanga, hulishana naye keki, kisha hushika kipaza sauti akampa wosia mbele za watu. Mpiga video akatoa nakala mbili kwenye CD, zile za zamani. Moja ya bibi harusi, moja ya nyumbani. Mama alipofariki, ile ya nyumbani ikabaki kwa dada mkubwa, pamoja na deki ya kuichezea.

Basi alasiri, ukungu ukishatanda, dada alifunga mlango, akaweka CD, akakaa sakafuni karibu kabisa na kioo cha televisheni. Mama alitokea katika ule mwanga wa bluu. Alicheka bila haraka, akatengeneza kilemba chake, akageuza shingo kama anayemsikia mtu akimwita kutoka mbali. Dada alisinzia na kuamka, akasinzia tena, asijue lini anaota na lini anatazama. Hizo ndizo zilikuwa saa zake nzuri kuliko zote.

Lakini CD nazo huchoka. Siku moja mama aliganda mkono ukiwa hewani. Uso ukavunjika vipande vya rangi, ukatoweka, ukarudi. Dada alikuwa anamuona mama yake akifa mara ya pili, na safari hii hakuna hospitali ya kumkimbiza.

Akaenda kwa fundi wa video.

"Nihamishie kwenye DVD," akasema. "Lakini sitaki mama yangu apungue. Nimeona za wenzangu, nyuso zimekuwa kama uji."

"Hao walibanwa ili waingie wengi kwenye diski moja," fundi akajibu. "Picha ukiibana tena, kilichotoka hakirudi. Ya kwako nitaihamisha kama ilivyo, nimpe nafasi yake yote."

"Vizuri. Na huyu hapa," akanyoosha kidole kwenye kioo, "mtoe."

"Nani, bibi harusi?"

"Huyo huyo. Kila alipo, kata. Nataka mama peke yake."

Fundi akajikuna kichwa. "Lakini mama, si ndiyo sherehe yake hii?"

"Kwani nimekuja kwa fundi au kwa mshenga?"

Fundi akafanya alivyoagizwa. Kazi ni kazi.

Dada akapokea DVD yake mpya inayong'aa. Njiani akapita kwenye shimo la taka, akaivunja ile CD ya zamani, asije akabaki na hata kivuli cha yule mwanamke nyumbani kwake. Aliivunja kabla ya kuitazama ile mpya. Wahenga walisema hasira hasara, na sisi kila siku tunadhani walikuwa wanawaambia majirani zetu.

Akafika, akajifunga kanga safi, akaketi. Picha ikatulia kama maji ya mtungini. Hakuna kuganda, hakuna kuvunjika. Mama akainuka na kanga mikononi, akainyanyua, na mara ameketi tena, kanga haipo. Keki ikaletwa, mama akafungua kinywa, na mara watu wanapiga makofi. Mama akashika kipaza sauti. "Mwanangu," akasema, na picha ikarukia sahani za pilau.

Maana kila neno mama aliloliongea siku ile aliliongea akiwa amemshika mkono binti yake. Kila alipotabasamu, alikuwa anamtabasamia yule. Ukimkata yule, ulikuwa umekata na tabasamu. Alichobaki nacho dada ni mama aliyeketi kwenye kiti anatazama mlangoni, anamsubiri mtu ambaye haingii. Picha ilikuwa safi kabisa. Aliyepungua ni mama.

Dada akarudisha mwanzo. "Mwanangu." Pilau. Akarudisha tena. Akalia kilio ambacho hata msibani hakukilia.

Kisha akakumbuka kwamba zilitolewa nakala mbili.

Alishuka bondeni ndani ya ule ukungu kama anayetembea usingizini, nyumba zikitokea na kupotea kando yake. Akabisha hodi. Mdogo wake akafungua, mikono imejaa unga wa mahindi. Wakatazamana.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," dada akasema. "Nimekuja kumwona mama."

Mdogo akanawa mikono. Akaingia chumbani, akatoka na kifurushi cha kanga, akakifungua taratibu. CD ilikuwa ndani, haina hata mkwaruzo.

"Mbona mpya hivi?" dada akauliza. "Huwa huitazami?"

"Sijawahi kuitazama tangu msiba, dada. Deki ya mama iko kwako. Na kwako ulinikataza kukanyaga."

Ndugu zangu, na sisi je? Tunakuja hapa tumependeza, tunapiga magoti, tunamwomba Mungu aingie mioyoni mwetu bila kupungua. Kisha tunamnong'oneza: lakini yule mtoe. Yule aliyenisema. Yule aliyechelewa msibani. Halafu tunashangaa mbona tunaomba na hatusikii kitu, mbona anaanza kusema "mwanangu" na panakuwa kimya. Ulimkata nani? Si ndiye aliyekuwa ameshikwa mkono wakati Baba anaongea?

Hakuna fundi atakayekuhamishia Mungu peke yake. Nusu iko kwako, na nusu iko kwa yule usiyemsemesha, na wote wawili mnakufa kwa kiu ya kumwona mzazi mmoja.

Mimi nimemaliza. Wengine yule mtu yumo humu humu ndani, mmekaa mabenchi ya mbali makusudi, nawaona. Milango iko wazi. Nendeni, na amina nitaisema mtakaporudi.