Ufa Usioulizwa

Sikukosea, wajukuu zangu, wala sijazeeka kiasi hicho. Najua mmefundishwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata mimi nilifundishwa, na shule yenyewe nilikaa miaka miwili tu. Lakini mmesikia redioni ardhi imetikisika huko mbali, mkasema hayo ni ya huko. Ndiyo maana nikawaambia: ufa wa tetemeko usiuzibe kabla hujauuliza. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka huo ardhi ilitikisika kule chini, ziwani. Sisi huku juu Ufipa tulipata kidogo tu, vyungu viligongana, mbuzi wakakata kamba. Ziwani nyumba zililala chini. Shemeji yangu Kapembe, aliyemuoa dada yangu Nachula, akapanda mlima na mkewe na godoro moja, wakaja kwetu.

Sasa ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama ukawa na ufa, mwembamba kama uzi. Mama akasema, "Ziba, mwanangu." Fundi wa kukandika pale kijijini nilikuwa mimi, basi nikakanyaga udongo.

Kapembe alisimama uani. Kwetu mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, wala hambishii. Akaniita pembeni.

"Shemeji, umeuuliza huo ufa?"

"Ufa unaulizwaje? Niuamkie shikamoo?"

"Chomeka kijiti uone kinaishia wapi. Wetu ulianza hivyohivyo, kwa tetemeko dogo. Tukaziba. Likaja kubwa."

"Hayo ni ya ziwani, bwana. Ninyi hata samaki akijigeuza mnakimbia."

Hakucheka. "Ardhi ni mkeka mmoja, shemeji. Ukivutwa kwetu, na ninyi mmeukalia. Mwambie mama alale kwenye kibanda cha nyasi, tuubomoe huo ukuta tuujenge upya."

Sikumwambia. Nilikandika, nikapaka na chokaa. Mama akapiga vigelegele.

Wiki ya tatu, mchana, mama yumo ndani anachekecha unga wa ulezi, ardhi ikanguruma. Ukuta ule ukaangukia ndani.

Aliyewahi kufika ni Kapembe. Miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kukanyaga kizingiti kile. Siku hiyo aliingia, akafukua kwa mikono, huku anasema, "Mama, nisamehe, naingia. Nisamehe, mama."

Mama alikuwa ameshatutoka.

Kipande kilichomlalia, kandiko langu lilikuwa zima, laini, halina hata mkwaruzo. Nyuma yake tofali zimeachana mpaka msingi. Kijiti kingezama chote.

Tulipotoka makaburini nikamuuliza Kapembe mbona hanilaumu. Akasema, "Nikulaumu nini? Hata mimi niliziba wa kwetu. Nikamzika mdogo wangu." Tukakaa chini njiani pale, wanaume wawili, tukalia.

Tangu hapo watu wa kwetu wakisikia ardhi imetikisika popote, hawasemi ni ya huko. Wanachukua kijiti. Ufa wa tetemeko usiuzibe kabla hujauuliza.

Haya, pangusa machozi, wewe. Bibi yenu ameita mara tatu, ugali unapoa. Naweni mikono. Kaeni wote, tule.